Bosi kaniambia nihakiki leseni za Windows ofisi nzima: nilichokikuta kwenye mashine 43

#1 Mtunza Seva (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Wiki tatu zilizopita ningeukuta uzi wa namna hii, ningelala usingizi wangu wote. Sikuukuta, kwa hiyo nauandika mimi.

Niko Dar, kampuni ya kutoa mizigo bandarini. IT ni mimi peke yangu, na ni mimi huyo huyo ninayeitwa printa ikigoma au AC ikivuja. Kuna mteja mkubwa wa nje kabla ya kusaini mkataba katuletea fomu ya kurasa 11. Katikati humo kuna swali moja: onyesheni uthibitisho kwamba programu zote kwenye kompyuta zenu zina leseni, kuanzia Windows yenyewe. Bosi kanisogezea fomu mezani, akaniuliza, "Si zinawaka zote?" Nikasema zinawaka. "Basi jaza."

Sikujaza. Stoo kuna mashine ina yale maandishi ya kijivu kwenye kona ya chini kulia yanayokusumbua uaktiveti Windows. Nikawaza, hii imejitangaza yenyewe. Zilizonyamaza je?

Nikaanza na amri ya siku zote, `slmgr /xpr`. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaiandika, kinaibuka kijisanduku kinachokwambia kama Windows hiyo imeaktivetiwa moja kwa moja au ina tarehe ya kuisha. Nilipita meza hadi meza na daftari. Mashine 19 zilisema moja kwa moja. 17 zina tarehe ya kuisha ndani ya miezi sita. Mbili zikakiri zenyewe kwamba hazijaaktivetiwa. Na tano zikasema zitaisha tarehe 19 Januari 2038.

Hiyo ya 2038 nilidhani saa ya mashine imeharibika. Kumbe ndiyo siku ambayo kompyuta inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 inafika mwisho wa hesabu, na kuna kraki inayosukuma tarehe ya kuisha hadi ukutani pale. Leseni halali ya njia hiyo hupewa siku 180 tu, kisha inahuishwa. Ukiona 2038, funga daftari, hiyo umeshaijua.

Nikaenda kwenye `slmgr /dli`. Hii inataja njia ambayo leseni imepitia kukufikia. Zile 17 zote zikaandika VOLUME_KMSCLIENT. Kwa wasioijua KMS: kampuni kubwa zenye mkataba wa jumla na Microsoft huweka seva yao humo humo ndani, mashine zinapiga hodi pale kupitia poti 1688, zinapewa siku 180, na kila baada ya siku 7 zinajaribu kuhuisha. Seva yenyewe haianzi kuhudumia Windows za mezani mpaka zimebisha hodi mashine 25. Sisi hatujawahi kusaini mkataba wa hivyo. "Seva" yetu ni kisanduku cha kutunzia mafaili chini ya meza yangu.

Sasa zilikuwa zinabisha hodi kwa nani? `slmgr /dlv` ndiyo inayotaja. Mashine 12 zikaandika 127.0.0.2. Yaani mashine imejiuliza yenyewe, imejijibu yenyewe, ikajiandikia cheti. Tano zilizobaki zikataja jina la tovuti ya ng'ambo ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuisikia.

Iliyonitoa jasho ni laptopu ya uhasibu. Nilifungua Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, nikaona imezimwa. Nikaiwasha, nikaingia kwenye orodha ya vitu ambavyo imeambiwa isivikague, nikakuta folda moja tu, ndani ya ProgramData, jina lake linaanza na herufi KMS. Kwenye orodha ya kazi za ratiba kuna kazi inayojiendesha kila mashine inapowaka, inafungua faili lililomo ndani ya folda hiyo hiyo. Nikaondoa ile ruhusa, nikaskani, likaja jina HackTool:Win32/AutoKMS. Dada wa uhasibu amesimama nyuma yangu ananiuliza kama amefanya kosa gani. Kosa hana. Ila laptopu hiyo ndiyo anayoingilia benki kulipa mishahara yetu, na mtu aliyetuwekea Windows alimfungia mlinzi chumbani kisha akaacha mlango wazi. Desemba 2021 watafiti wa Red Canary walieleza jinsi kifurushi kilichojiita KMSpico kilivyokuwa kinapandikiza Cryptbot, programu ya kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Ya kwetu sikuikuta na hiyo. Nywila za benki nilibadilisha siku hiyo hiyo.

Halafu ndio nikakutana na kitu kilichoniudhi kuliko kraki zenyewe. Tangu Windows 8, mwaka 2012, viwanda huufukia ufunguo wa Windows (ile namba ya leseni ya herufi 25) ndani ya BIOS ya mashine, yaani programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama. Kuna amri ya PowerShell ya kuchungulia umefukiwa wa toleo gani:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKeyDescription`

Katika zile 22 za kraki (17 na 5), mashine 14 zina ufunguo halali wa Pro (toleo la Windows la kazini) kwenye BIOS. Kumi na nne! Kampuni ilishalipia Windows siku iliyonunua mashine. Akaja fundi na flashi yake, akapiga Windows ya kraki juu ya Windows ya halali, akapokea pesa yake na soda juu.

Sasa msaada ninaouomba. Zile 19 zilizosema "moja kwa moja", 11 ni OEM_DM (leseni ya kiwandani) na BIOS inakubaliana, hizo safi. Nane zilizobaki zimeandika RETAIL (leseni ya dukani) na ufunguo unaoishia 3V66T. Tatu kati yake BIOS inasema Home (toleo la nyumbani) lakini zinaendesha Pro. Mbili zina stika ya Windows 7 Pro ubavuni. Tatu hazina kitu, si BIOS, si stika. Hizi nane nazijaza vipi kwenye fomu?

Naomba kuwasilisha.

#2 Babu wa Floppy

Nimeweka kiti. Endeleeni.

#3 Fundi Kipande

Mleta mada, nimekuvumilia mpaka pale pa soda. Mimi ni fundi, nina meza yangu Kariakoo, na nikwambie ukweli. Mteja analeta mashine na elfu kumi na tano mkononi, anataka Windows, Office, antivairasi na nyimbo za kusikiliza, na saa kumi anakuja kuchukua. Windows 11 Pro kwenye duka la Microsoft ni dola 199. Nimwambie nini? Nikimtajia leseni anahamia meza ya jirani, na jirani haulizi.

#4 Mtunza Seva (mleta mada)

Fundi, kwa mteja wa mtaani sina neno na wewe. Ninachouliza ni kimoja. Mashine ina ufunguo wake kwenye BIOS. Ukiweka Windows safi iliyoshushwa kwenye tovuti ya Microsoft, toleo lile lile, ikiingia kwenye mtandao inajiaktiveti yenyewe. Kazi yako ni ile ile, hela ile ile. Kraki ya nini hapo?

#5 Fundi Kipande

Kaka, hapo umenikamata. Flashi yangu ina Windows moja imeshapikwa, ina kila kitu ndani, nachomeka nakwenda kunywa chai. Kuangalia BIOS sijawahi. Nitajaribu kesho kwa mashine mbili tatu nione.

#6 Nyali Online

Salamu kutoka Mombasa. Mwenye uzi shukran, lakini usije ukafanya nilivyofanya mimi. Ofisi yetu ilipoambiwa inunue leseni, nikaenda mtandaoni nikapata funguo za Windows Pro kwa bei ya sahani ya pilau. Nikachukua kumi. Zote zikakubali, bosi akanisifu. Miezi mitano baadaye nne zikadai hazitambuliki. Kuzipima kwa `slmgr /dli`, zimeandika VOLUME_MAK. MAK ni ufunguo mmoja ambao kampuni fulani hupewa kwa idadi maalumu ya mashine zake. Mtu alikuwa nao, akaukata vipande akaniuzia. Nilikuwa na risiti, ndiyo, lakini risiti ya mtu asiyekuwa na haki ya kuuza. Huku kwetu KECOBO, ofisi ya hakimiliki ya Kenya, wana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na programu za kompyuta zimo ndani yake, na mwanasheria wetu alisema "nilinunua kwa nia njema" sio kinga ya kutegemea.

#7 Mama Leja

Mimi ni mhasibu, nimekaguliwa mara nyingi kuliko nilivyokagua. Mwanangu, hizo amri zako ni nzuri, ila unamuuliza mtu asiyejua. Mashine inajua kama mlango umefunguka. Nani kafungua, na kwa ufunguo wa nani, haijui. Zile nane zako jibu lake liko kwenye kabati la mafaili.

Nenda kwa mtu wa manunuzi, mwombe mafaili ya mwaka ambao mashine ziliingia. Unatafuta vitu vitatu: ankara, hati ya kupokelea mzigo yenye namba tambulishi (serial) za mashine, na risiti ya EFD. Na nakuonya mapema, risiti utakayoikuta itaandika COMPUTER SET PCS 10, basi. Haitaji Windows. Hapo mkaguzi atakuuliza set hiyo ilikuwa na nini na wewe utakodoa macho. Risiti kama hiyo niliwahi kuitetea mbele ya mkaguzi kwa saa nzima nikashindwa, kwa sababu muuzaji alikuwa ameshafunga duka na hakuna wa kumuuliza.

Kuanzia leo ukiletewa proforma, Windows iwe na mstari wake peke yake, na toleo litajwe. Muuzaji akigoma kuuandika huo mstari, ameshakujibu.

#8 Mtunza Seva (mleta mada)

Mama, shikamoo. Nimeenda kabatini. Umeongea kama ulikuwepo: "COMP SET X 8".

#9 Kagera Boy

Mnajitisha bure wakuu. Microsoft hawawezi kupanda ndege waje kukagua kampuni ya kutoa mizigo Kurasini. Nchi nzima inatumia kraki.

#10 Mtunza Seva (mleta mada)

Soma post ya kwanza tena mkuu. Hakuna Microsoft aliyekuja. Amekuja mteja na fomu, na mkataba wake ndio unaolipa nusu ya mishahara yetu. Sheria tunayo, ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, wapo, na programu za kompyuta zinalindwa humo kama maandishi mengine. Lakini kwenye kikao bosi hakustushwa na COSOTA. Alistushwa nilipomwambia kwamba kujaza "ndiyo" kwenye ile fomu kunahitaji saini yake, sio yangu.

Na kuhusu nchi nzima, ripoti ya 2018 ya BSA, umoja wa kampuni za programu, iliweka programu zisizo na leseni kwenye asilimia 37 ya zote zilizo kwenye kompyuta duniani. Kwa hiyo sio sisi tu.

#11 Root wa Makumira

Naongeza vitu viwili kwa wataalamu. Cha kwanza, acheni kutembea na daftari. Kama mashine ziko kwenye mtandao mmoja, zinakubali kuulizwa kwa mbali na una haki za msimamizi, ongeza -ComputerName na majina yake kwenye amri hii ya PowerShell, inakuletea yote kwa mpigo:

`Get-CimInstance SoftwareLicensingProduct -Filter "PartialProductKey IS NOT NULL AND Name LIKE 'Windows%'" | Select Description, PartialProductKey, LicenseStatus, KeyManagementServiceMachine`

LicenseStatus ikiwa 1 imeaktivetiwa, 5 iko kwenye hali ya kulalamika. Herufi tano za mwisho za ufunguo zinasema mengi. T83GX ni ufunguo wa KMS wa Pro ambao Microsoft wenyewe wameutangaza hadharani, 2YT43 ni wa Enterprise, toleo la makampuni makubwa. Kampuni yenye mkataba itakuwa nazo bila shida. Kampuni ya watu sita isiyo na mkataba, hizo herufi zimetoka kwenye flashi.

Cha pili, hizo 3V66T za mleta mada. Huo ni ufunguo wa jumla unaoonekana kwenye mashine yenye leseni ya kidijitali, ile inayotunzwa kwenye seva za Microsoft ikiwa imefungwa na ubao mama wa mashine. Ukipandisha Windows 7 halali kwenda 10, unakuta hiyo. Ofa ya bure ilitangazwa kuanzia 29 Julai 2015 kwa mwaka mmoja, lakini njia ikabaki wazi hadi Microsoft walipoifunga Septemba 2023. Tatizo ni kwamba kuna kraki inayoghushi leseni hiyo hiyo, na ikishaghushiwa, kwa amri hizi huwezi kuitofautisha na halali. Hapo Mama Leja yuko sahihi kabisa. Zako mbili zenye stika ya Windows 7 Pro zina historia inayoeleweka. Zile za Home zilizogeuka Pro, mtafute nani alilipia huo upandishaji. Kama hakuna, hakuna.

#12 Neema wa Dodoma

Samahani jamani, mimi niko asasi ndogo, tulipewa msaada laptopu 9 zilizotumika Ulaya. Zina Windows Enterprise, zote zinasema zitaisha baada ya siku 60 na kitu. Hizi nazo ni za kraki?

#13 Root wa Makumira

Dada Neema, hapana, yaelekea zilikuwa za kampuni kubwa na bado zina hewa waliyovuta mara ya mwisho kwenye seva ya huko. Zikimaliza siku zao zitaanza kulalamika. Leseni ya Enterprise ni ya ile kampuni, haisafiri na laptopu. Inayosafiri na laptopu ni ile ya kiwandani. Na Enterprise ya mkataba huwa inakaa juu ya Pro iliyonunuliwa na mashine, kwa hiyo chungulia BIOS, uwezekano ni mkubwa utakuta Pro imo. Ukikuta, futa Enterprise, weka Pro safi, umemaliza. Usipokuta, asasi zisizo za faida zina mpango wao Microsoft na kupitia TechSoup, shirika linalosaidia asasi kupata programu, omba kabla hujanunua kwa bei ya duka.

#14 Neema wa Dodoma

Saba zina Pro. Mbili kimya. Mungu awabariki.

#15 Pengwini Mweusi

Mimi sielewi mnateseka nini na Ubuntu ipo, mfumo wa Linux wa kuweka badala ya Windows. Bure, halali, haina fomu.

#16 Mtunza Seva (mleta mada)

Pengwini nakubaliana na wewe nusu. Uhasibu wetu uko kwenye Tally, Tally inataka Windows, na dada wa uhasibu ameniambia nikimgusia suala hilo atahama kampuni. Lakini mapokezi na stoo wanachohitaji ni kivinjari na kuandika barua. Ngoja nilete mrejesho kamili chini.

#17 Fundi Kipande

Wakuu, nimepima mashine za wateja tangu juzi. Tano kati ya nane zina ufunguo kwenye BIOS. Yaani miaka yote hii. Nimetengeneza flashi mpya, Windows safi ya Microsoft, na nimeanza kuandika kwenye karatasi ya mteja "Windows ya mashine yenyewe". Kuna mmoja ameniuliza kwa nini nimemwekea Windows yake mwenyewe halafu namdai.

#18 Babu wa Floppy

Ha ha ha. Mpunguzie elfu tano.

#19 Mtunza Seva (mleta mada): MREJESHO

Wakuu, tumefika hapa.

Zile 14 zenye Pro kwenye BIOS nimezifuta zote, nikaweka Windows safi, moja baada ya nyingine, Jumamosi mbili mfululizo. Kila moja nilisubiri ijiaktiveti, nikapiga picha ya `slmgr /dli` ikionyesha OEM_DM, nikahifadhi kwa namba ya mashine. Hazikutugharimu senti zaidi ya chakula changu cha mchana. Nilifuta badala ya kuondoa kraki juu juu kwa sababu siamini mashine ambayo Defender yake ilizimwa na mtu mwingine.

Kraki zisizo na kitu BIOS ni nane, na mbili za maandishi ya kijivu, jumla kumi. Nne kati yake ni kongwe, Windows 11 hazikubali kwa sababu hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na Windows 10 Microsoft waliacha kuipa apdeti za bure tangu 14 Oktoba 2025. Kuzinunulia leseni ilikuwa kumvalisha maiti viatu vipya. Nimeziwekea Linux Mint, ndio za mapokezi na stoo. Dada wa mapokezi siku mbili alininunia, sasa analalamikia printa tu kama zamani. Sita zilizobaki tumenunua Pro, na proforma ina mstari wake, Mama Leja ufurahi.

Zile tatu za Home zilizojigeuza Pro hakuna aliyelipa, nimeuliza hadi fundi wa zamani, akacheka. Tumelipia upandishaji wa Home kwenda Pro, ambao ni dola 99 kila moja, nafuu kuliko leseni nzima.

Bosi alinung'unika kwenye jumla, akasaini. Akaniuliza kwa nini sikumwambia miaka yote hiyo. Sikuwa na jibu zuri, maana laptopu yangu mwenyewe ilikuwa mojawapo ya zile tano za 2038.

Kwenye fomu tumeandika ukweli: mashine ngapi zilikuwa na leseni tulipoanza, ngapi sasa, na tarehe za ununuzi. Mteja ameomba nakala za ankara, hakuuliza kingine.

Zimebaki zile tatu ambazo hazikuwa na chochote. Mbili nimeshindwa, nimezihesabu kama hazina leseni na tumezinunulia pamoja na zile sita. Ya tatu ni laptopu kuukuu anayotumia mlinzi kuandikia magari yanayoingia. Jana betri yake ilikuwa imevimba, nikaichomoa nibadilishe. Chini ya betri, safi kama imebandikwa asubuhi hiyo, stika ya Windows 7 Professional.

#20 Kagera Boy

Weka picha ya hiyo stika tuamini.

#21 Mtunza Seva (mleta mada)

Ina ufunguo mzima, herufi zote 25. Siweki.